Tupac Shakur: Shukrani kwa mama zilizovuma mwana akiwa gerezani

MWANZONI mwa Aprili 1995, albamu iliyoongoza kwa mauzo nchini Marekani ilikuwa ya kijana ambaye hakuweza kutia mguu katika duka lolote la muziki. Tupac Amaru Shakur, wakati huo akiwa na umri wa miaka 23, alikuwa mfungwa katika jimbo la New York. Hakuna msanii mwingine kabla yake aliyewahi kufika kileleni mwa chati ya albamu za nchi hiyo akiwa kifungoni.

Albamu hiyo, Me Against the World, yaani Mimi Dhidi ya Ulimwengu, ilibebwa na wimbo mmoja hasa: Dear Mama, Mama Mpendwa. Ni wimbo wa mtoto anayemshukuru mamaye. Lakini kosa lililomtia mtoto huyo gerezani lilikuwa la kumdhulumu mwanamke kimapenzi.

Wapenzi wa Tupac huutaja wimbo na kulinyamazia kosa. Wanaomchukia hulitaja kosa na kuuzibia wimbo masikio. Hata hivyo, takriban miongo mitatu baada ya kifo chake, maisha ya marehemu hayawezi kusimuliwa kwa haki pasipo kuyatia yote mawili katika mizani moja.

Mimba kizuizini

Masimulizi haya yafaa yaanzie kwa mama. Afeni Shakur alizaliwa mwaka wa 1947 mjini Lumberton, jimbo la North Carolina, akapewa jina Alice Faye Williams. Alihamia New York angali mtoto. Mnamo 1968 alijiunga na chama cha Black Panther, kilichopigania haki za Wamarekani weusi na ambacho kiliamini kuwa mtu mweusi ana haki ya kujilinda kwa silaha.

Aprili 1969, Afeni na wenzake walishtakiwa kwamba walikula njama ya kulipua vituo vya polisi, maduka na maeneo mengine ya umma jijini New York. Kesi yao ilikuja kujulikana kama ya Panther 21. Afeni hakuwa amesomea sheria. Alikataa kuwakilishwa na wakili, akasimama mwenyewe kuwahoji mashahidi wa serikali. Katika kipindi cha kesi hiyo alikuwa mjamzito, na kwa muda alizuiliwa katika korokoro ya wanawake mtaani Greenwich Village.

Mnamo Mei 1971, baraza la wazee wa mahakama liliwaondolea washtakiwa mashtaka yote 156. Mwezi mmoja baadaye, Juni 16, 1971, Afeni alijifungua mtoto wa kiume katika mtaa wa Harlem Mashariki. Ni sawa kusema kwamba Tupac alilala gerezani kabla ya kuliona jua.

Jina la kwanza alilopewa mtoto huyo ni Lesane Parish Crooks. Baadaye mamaye alimwita Tupac Amaru, kwa kumkumbuka kiongozi wa wenyeji wa Peru aliyeongoza maasi dhidi ya Wahispania mnamo 1780 na kuuawa mwaka uliofuata. Jina la ukoo, Shakur, ni la Kiarabu. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi ili kulielewa, kwa kuwa linatokana na mzizi uleule uliotuzalia kushukuru, shukrani na shukurani. Shakur ni mwenye shukrani nyingi.

Mtoto huyo, basi, alibebeshwa majina mawili mazito tangu utotoni: la mwasi na la mwenye kushukuru. Maisha yake yote yaligawanyika baina ya majina hayo.

Jukwaa na njaa

Umaarufu wa Black Panther ulipofifia, Afeni alibaki na watoto wawili na kipato haba. Babake Tupac hakuwepo katika malezi. Baba wa kambo, Mutulu Shakur, aliyemzaa dadake Sekyiwa, alitoroka mapema katika miaka ya 1980 akitafutwa na serikali kwa tuhuma za wizi wa mabavu. Alikamatwa mnamo 1986, akafungwa kwa zaidi ya miaka 30, na akafa mnamo Julai 2023 miezi michache baada ya kuachiliwa.

Familia ilihamahama kutoka nyumba moja hadi nyingine katika mitaa ya Harlem na Bronx. Mara nyingine ilijisitiri kwa jamaa, mara nyingine katika makao ya wasio na nyumba. Hata hivyo, Afeni hakuyaacha malezi yaende ovyo. Inasimuliwa kwamba mwana alipokosea, adhabu yake ilikuwa kusoma gazeti la The New York Times kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Alipokuwa na umri wa miaka 13 hivi, Tupac alishiriki katika mchezo wa kuigiza wa A Raisin in the Sun, wa mwandishi Lorraine Hansberry, katika ukumbi mashuhuri wa Apollo. Familia ilipohamia Baltimore, alipata nafasi katika shule ya sanaa ya mji huo. Huko alisomea uigizaji, ushairi na hata densi ya bale. Miongoni mwa marafiki wake wa shule alikuwa Jada Pinkett, aliyekuja kuwa mwigizaji maarufu wa filamu. Kijana ambaye ulimwengu ulikuja kumjua kwa michoro ya mwilini na kifua wazi alianza kwa kukariri Shakespeare.

Mnamo 1988 familia ilihama tena, safari hii hadi Marin City, California. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Afeni, mwanamke aliyeishinda serikali mahakamani bila ya wakili, alishindwa na dawa ya kulevya ya kokeini iliyokuwa ikiteketeza mitaa ya Wamarekani weusi wakati huo. Mwana alitoka nyumbani, akaacha shule kabla ya kuhitimu, akalala kwa marafiki na kujaribu kuuza dawa zizo hizo zilizokuwa zikimmaliza mamaye.

Wahenga walisema kuwa asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kisa hiki kina ugumu wake, kwa kuwa Tupac alikuwa amefunzwa na mamaye, tena vyema. Kisha mwalimu mwenyewe alianguka mbele ya mwanafunzi, na ulimwengu ukayachukua mafunzo yaliyosalia.

Sauti yapata kipaza

Kilichomwokoa ni ushairi. Katika eneo la Marin alihudhuria mafunzo ya ushairi yaliyoendeshwa na Leila Steinberg, na kupitia kwake akajulishwa kwa meneja wa kundi la Digital Underground. Kundi hilo lilimwajiri kwanza kama mbeba vyombo na mnenguaji. Mnamo 1991 sauti yake ilisikika kwa mara ya kwanza katika wimbo wao, Same Song.

Novemba mwaka huohuo alitoa albamu yake ya kwanza, 2Pacalypse Now. Humo mlikuwa na wimbo Brenda's Got a Baby, kisa cha msichana wa miaka 12 anayejifungua bila ya msaada na kumtupa mtoto. Aidha, mlikuwa na nyimbo za kuwashutumu polisi. Mnamo 1992, Makamu wa Rais wa Marekani, Dan Quayle, aliishambulia albamu hiyo hadharani baada ya kudaiwa kwamba kijana aliyemuua afisa wa polisi jimboni Texas alikuwa akiisikiliza.

Albamu ya pili, ya 1993, ilikuwa na wimbo Keep Ya Head Up, unaowataka wanaume wawaheshimu wanawake na kuwatia moyo akina mama wanaolea peke yao. Tupac aliutoa kwa heshima ya Latasha Harlins, msichana wa miaka 15 aliyepigwa risasi na kuuawa dukani mjini Los Angeles mnamo 1991.

Wakati huohuo alikuwa akiigiza katika filamu: Juice mnamo 1992, Poetic Justice mnamo 1993, na Above the Rim mnamo 1994. Sifa na pesa ziliingia. Pamoja nazo ziliingia kesi. Oktoba 1993 alikamatwa mjini Atlanta kwa kuwapiga risasi maafisa wawili wa polisi ambao hawakuwa kazini. Mashtaka hayo yalitupiliwa mbali. Mnamo 1994 alifungwa siku 15 kwa kumpiga Allen Hughes, mwelekezi wa filamu. Jina la Hughes tutalirejelea.

Lililokuwa zito kuliko yote lilitokea Novemba 1993. Msichana wa umri wa miaka 19 aliripoti kwa polisi kwamba Tupac na wanaume wengine walimdhulumu katika chumba cha hoteli jijini New York. Tupac alikana. Kesi hiyo iliendelea kumning'inia kichwani katika kipindi chote alichokuwa akiitengeneza albamu yake ya tatu.

Albamu ya mtu mwenye hofu

Sehemu kubwa ya Me Against the World ilirekodiwa mnamo 1994. Anayeisikiliza leo hupigwa na butwaa kwa jinsi kifo kinavyotajwa ndani yake. Karibu kila wimbo una mtu anayezikwa, anayetarajia kuzikwa au anayesikia hatua za adui nje ya mlango. Majina ya nyimbo yenyewe yanasema mengi: If I Die 2Nite, So Many Tears, Death Around the Corner. Ni kana kwamba kijana wa miaka 23 alikuwa akiandika wosia.

Katika muziki wa kufoka wa wakati huo, msanii alitarajiwa kujigamba. Majigambo yamo, tena ni mengi, lakini yamechanganyika na vilio, kujuta na kuomba msamaha wa Mungu. Hili ndilo lililoitenga albamu hii na nyingine nyingi za miaka hiyo. Mwenyewe alikiri hofu mahali ambapo wenzake walikuwa wakiificha.

Watayarishaji walikuwa wengi, kila mmoja akiwa na ladha yake. Easy Mo Bee wa New York alitengeneza If I Die 2Nite na Temptations. Shock G, kiongozi wa Digital Underground aliyempa Tupac nafasi ya kwanza, alishiriki katika So Many Tears, wimbo uliotumia sauti ya kinanda cha mdomo kutoka kwa Stevie Wonder. Johnny J, ambaye baadaye alifanya naye kazi kubwa zaidi, alitayarisha Death Around the Corner. Soulshock na Karlin, watayarishaji wenye asili ya Denmark, waliutengeneza wimbo uliobeba jina la albamu.

Licha ya mikono hiyo mingi, albamu ina umoja. Midundo ni ya polepole, besi ni nzito lakini laini, na waimbaji wa kike wanaitikia nyuma kama waombolezaji. Nafasi iliachwa makusudi ili maneno yasikike.

Dear Mama ilitayarishwa na Tony Pizarro. Kama ilivyo desturi ya hip hop, alichukua vipande vya nyimbo za awali na kuvijenga upya: wimbo In My Wildest Dreams wa mpigapiano Joe Sample, na Sadie, wimbo wa kundi la The Spinners wa mwaka wa 1974. Uteuzi huo ulikuwa na busara. Sadie ni wimbo wa kumwombolezea mama aliyekwisha kufa, na watu wazima weusi wa Marekani waliujua kwa moyo. Kwa hivyo mama aliyeusikia wimbo wa Tupac ukitoka chumbani kwa mwanawe alitambua sauti ya ujana wake mwenyewe.

Upekee wa Dear Mama hautokani na sifa kwa mama, kwani nyimbo za sifa za aina hiyo ni nyingi katika kila lugha. Sisi wenyewe tunazo tele. Upekee wake ni kwamba Tupac hakumpamba mama. Alimtaja akiwa mraibu wa dawa za kulevya. Alikumbuka jinsi alivyofukuzwa nyumbani, na jinsi yeye mwenyewe alivyomliza mama kwa kukimbizana na polisi. Baada ya kuyataja yote hayo waziwazi, ndipo akamshukuru.

Wakati huo Afeni alikuwa amekwisha kuacha dawa za kulevya. Hivyo basi, wimbo ulimfikia akiwa na akili timamu na akiweza kulipokea kila neno, la sifa na la aibu.

Risasi, hukumu na kileleni

Usiku wa Novemba 30, 1994, huku wazee wa mahakama wakiendelea kujadiliana kuhusu kesi ya hoteli, Tupac alikwenda katika studio za Quad jijini New York ili kurekodi wimbo na msanii mwingine. Alivamiwa na watu wenye silaha katika ukumbi wa chini, akaibiwa vito na kupigwa risasi kadhaa. Baada ya kufanyiwa upasuaji, aliondoka hospitalini kinyume cha ushauri wa madaktari.

Siku iliyofuata alifikishwa mahakamani kwa kiti cha magurudumu, akiwa amefungwa bendeji. Wazee wa mahakama walimwondolea mashtaka mazito zaidi, yakiwemo ya silaha, lakini wakampata na hatia ya dhuluma ya kimapenzi ya kiwango cha kwanza. Februari 1995 alihukumiwa kifungo cha kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka minne na nusu.

Katika mahojiano na jarida la Vibe akiwa korokoroni mapema mwaka huo, aliendelea kukana kosa aliloshtakiwa. Lakini alikiri kuwa alistahili lawama kwa mwenendo wake na kwa kutofanya lolote la kumkinga msichana yule. Kukiri huko hakukufuta hukumu, na hapana sababu ya kukifanya kuwa kikubwa kuliko kilivyokuwa. Kwa upande wa msichana aliyeshtaki, hakukuwa na albamu wala chati. Alibaki akitukanwa na kushukiwa na mashabiki ambao hawakuwahi kumwona.

Dear Mama ilitolewa Februari 21, 1995, mwenyewe akiwa amekwisha kuanza kifungo. Albamu ilifuata Machi 14. Katika juma la kwanza pekee iliuza takriban nakala 240,000, ikaingia katika chati ya Billboard moja kwa moja ikiwa nambari moja, na kuiondoa kileleni albamu ya Bruce Springsteen, mwimbaji mweupe aliyeheshimika mno. Ilikaa hapo kwa majuma manne. Kufikia Desemba mwaka huo ilikuwa imethibitishwa kuuza zaidi ya nakala milioni mbili nchini Marekani. Dear Mama yenyewe ilifika nambari tisa katika chati kuu ya nyimbo.

Kwa kawaida albamu huuzwa kwa ziara, tamasha na mahojiano ya redioni. Hii haikuwa na lolote kati ya hayo. Hata video zilipigwa bila ya mwenyewe. Katika video ya Temptations, nafasi yake ilijazwa na wasanii wenzake wakiwemo Coolio na Ice-T. Katika video ya Dear Mama, mama mwenyewe alitokea mbele ya kamera. Watazamaji walimwona Afeni akifunua picha za zamani za mwanawe, huku sauti ya mwana ikimshukuru kutoka mbali. Aliyeandika barua hayupo. Aliyeandikiwa ndiye aliyesimama kuisoma mbele ya watu.

Wahakiki, ambao baadhi yao walikuwa wamemchukulia Tupac kama mwigizaji mwenye makelele, walibadili msimamo. Walisifu undani wa albamu na ujasiri wake wa kujichunguza. Iliteuliwa kuwania tuzo ya Grammy ya albamu bora ya rap, tuzo iliyokuwa ikitolewa kwa mara ya kwanza mnamo 1996. Kundi la Naughty by Nature ndilo lililoshinda. Dear Mama nayo iliteuliwa katika kitengo cha msanii wa kufoka wa pekee, ikashindwa na Gangsta's Paradise wake Coolio.

Wapo waliouliza, na swali lao ni la haki hata leo, vipi mtu aliyefungwa kwa kumdhulumu binti wa mwenzake asifiwe kwa kumwimbia mamaye. Jibu rahisi halipo. Huenda wimbo ulikuwa wa kweli na hukumu pia ikawa ya kweli. Wanaume wengi humheshimu mama na kumdharau mwanamke mwingine yeyote, wasione mgongano wowote baina ya mambo hayo. Kasoro hiyo si ya Tupac peke yake, wala si ya Marekani pekee.

Njia panda

Sehemu kubwa ya kifungo chake aliitumikia katika gereza la Clinton, mjini Dannemora, karibu na mpaka wa Kanada. Huko alisoma sana, yakiwemo maandishi ya Machiavelli, ambaye jina lake lilimpa lakabu ya Makaveli. Mnamo Aprili 1995 alifunga ndoa gerezani. Ndoa hiyo haikudumu. Alikata rufaa, lakini hakuwa na fedha za kutosha za dhamana.

Fedha hizo zilipatikana kwa masharti. Oktoba 1995, dhamana ya dola milioni 1.4 ililipwa kupitia mpango uliomhusisha Suge Knight, mkuu wa kampuni ya Death Row ya California, na kampuni ya Interscope. Tupac naye alitia sahihi mkataba wa kutengeneza albamu tatu. Aliruka kutoka gerezani hadi Los Angeles na kuingia studio mara moja.

Matokeo yake yalikuwa All Eyez on Me, iliyotolewa Februari 1996, ikiwa na nyimbo 27 katika diski mbili. Iliuza zaidi ya nakala 500,000 katika juma la kwanza. Ni albamu ya sherehe, magari na kulipiza kisasi. Mtu mwoga aliyeandika wosia alikuwa ametoweka, na mahali pake alikuwapo askari. Christopher Wallace, aliyejulikana kama The Notorious B.I.G., aliyewahi kuwa rafiki yake, sasa alikuwa adui wa kutukanwa katika kila kipaza sauti, kwa kushukiwa kwamba alijua habari za uvamizi wa studio za Quad. Wallace alikana.

Mnamo Septemba 7, 1996, Tupac alihudhuria pambano la ndondi la Mike Tyson na Bruce Seldon mjini Las Vegas. Usiku huo alipigwa risasi akiwa ndani ya gari lililoendeshwa na Knight. Alikufa hospitalini Septemba 13, akiwa na umri wa miaka 25. Miezi sita baadaye, Machi 9, 1997, Wallace naye aliuawa kwa risasi mjini Los Angeles. Ilichukua hadi Septemba 2023 kwa mtu kukamatwa na kushtakiwa kwa mauaji ya Tupac: Duane Davis, ambaye alikana mashtaka.

Jina lavuka bahari

Habari za kifo hicho zilipokelewa kwa kishindo hata Nairobi. Aliyesafiri kwa matatu katika miaka ya mwisho ya karne iliyopita ataikumbuka sura ile yenye kitambaa kichwani, ikiwa imechorwa ubavuni mwa gari, na besi ikitetemesha viti. Kanda zake zilipitishwa mkono kwa mkono mitaani. Ni katika miaka hiyo ambapo vijana wa kundi la Kalamashaka kutoka Dandora walionyesha kuwa maisha ya mtaa yanaweza kufokwa kwa Kiswahili kikaeleweka.

Lakini sura hiyohiyo ilivaliwa pia na wapiganaji wa Sierra Leone katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, fulana zake zikageuka sare. Wengi wa waliomwiga waliuchukua ule uaskari wa 1996, wakauacha uoga wa 1995. Walichukua Amaru, wakamwacha Shakur.

Aliyebaki kuulinda upande wa pili ni mama. Afeni alianzisha kampuni ya kusimamia kazi za mwanawe pamoja na wakfu wa kuwafunza vijana sanaa. Mnamo 1999 mashairi ya ujana wa Tupac yalichapishwa katika kitabu The Rose That Grew from Concrete. Mnamo 2010, Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza Dear Mama katika orodha ya rekodi zinazohifadhiwa kwa ajili ya vizazi vijavyo, ikiwa miongoni mwa kazi za kwanza kabisa za hip hop kupata heshima hiyo. Afeni aliishuhudia. Alifariki Mei 2, 2016, na mwaka uliofuata jina la mwanawe likaingizwa katika Jumba la Heshima la Rock and Roll.

Mnamo Aprili 2023 ulitoka msururu wa filamu ya hali halisi kuhusu mama na mwana hao, uliobeba jina la wimbo uleule, Dear Mama. Aliyeuelekeza ni Allen Hughes, yule aliyepigwa mnamo 1994 na ambaye kipigo chake kilimtia Tupac ndani kwa siku 15. Hughes angeweza kukataa kazi hiyo, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alisimulia mazuri na mabaya ya aliyemkosea, wala hakukificha kisa chake mwenyewe.

Huenda huo ndio utaratibu ambao Tupac aliutumia kwa mamaye katika albamu ile ya 1995: kuyataja makosa kwanza, bila ya kuyapunguza, kisha kutoa shukrani panapostahili shukrani. Anayetaka kumkumbuka leo hana budi kumtendea vivyo hivyo, na kumkumbuka pia msichana wa hoteli ambaye hakuna aliyemwandikia wimbo.